Jinsi Nilivyomfundisha Makena Kukataa Maikrofoni

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na nne. Wazee wa nyumbani wanasema kustaafu bila mvi ni kufukuzwa kwa lugha ya adabu. Hakuna aliyenifukuza. Kuna mama mmoja tu wa Mikinduri, kule Meru, aliyeniomba jambo, nikakubali, na baada ya hapo sikuona sababu nzuri ya kuendelea. Nitafika kwake.

Naandika kwa sababu kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yakitoka, simu yangu hujaa ujumbe wa vijana wa Embu na Meru wanaotaka kuwa waimbaji wa opera. Wameona video. Mtu amesimama mbele ya pazia jekundu, anafungua mdomo, watu wanalia. Wananiuliza waanzie wapi. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwa hiyo leo nawajibu wote pamoja.

Kwa miaka kumi na moja niliyofanya kazi hii, niliimba katika opera kamili mara tatu, zote Nairobi. Mara mbili nilikuwa askari. Askari wa opera husimama nyuma na mkuki wa mbao, na katika saa mbili na nusu kazi yake ni kuuliza kwa wimbo nani anapita. Mara ya tatu nilikuwa baba wa msichana, nikafa kabla ya mapumziko. Siku nyingine zote nilikuwa nafundisha: kwaya za shule zikijiandaa kwa mashindano, kwaya za kanisa, mabibi harusi waliotaka kuwaimbia waume zao, na wanafunzi wangu wa Jumamosi katika chumba nilichokodi mtaa wa Dallas, pale Embu. Jirani yangu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Ukweli ni kwamba yeye ndiye aliyewafundisha wanafunzi wangu kupaza sauti. Mimi nilikuwa nawaonyesha tu mahali pa kusimama.

Shangazi yangu aliwahi kuulizwa na majirani mimi hufanya kazi gani hasa. Akafikiri kidogo, akasema, "Ni kulia, lakini kwa watu waliosoma." Sijawahi kusikia maelezo bora, na nilisoma miaka minne nikiyatafuta.

Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa Mzee Njeru, aliyefundisha kwaya za shule za upili kule Embu hadi akastaafu kwa njia ya kawaida, yaani akiwa mzee. Alitufundisha kwa solfa, do-re-mi ubaoni, na fimbo ndefu ya kuonyeshea noti ambayo wakati mwingine ilionyesha vichwa vyetu. Kabla ya kupanda jukwaani alitumezesha yai bichi kila mmoja. Nilimeza mayai hayo miaka minne kwa imani. Kisha nikaenda chuo kikuu, nikasoma koo la binadamu limepangwaje, nikarudi nyumbani likizo ya kwanza nikiwa na hasira ya mtu aliyedanganywa.

"Mwalimu," nikamwambia, "yai linapita njia ya chakula. Sauti iko njia ya hewa. Yai likigusa nyuzi za sauti, mtu atakohoa mpaka azimie."

"Nani alikwambia yai ni la sauti?"

"Wewe. Miaka minne."

"Mimi nilisema meza. Sikusema la nini." Alikuwa anapalilia kahawa, hata hakuinuka. "Mtu akimeza yai bichi hataki kuongea na mtu nusu saa. Nyinyi mlikuwa mnapiga kelele kwenye basi kutoka Embu mpaka tunakokwenda, mnafika mnakoroma kama vyura. Nikaleta mayai. Mkanyamaza. Tukaanza kushinda."

Shikeni hilo kwanza. Sauti haipotei jukwaani, hupotea saa moja kabla, watu wakisalimiana. Tangawizi, asali, limau, maji ya moto, vyote havifiki sauti ilipo. Vinachofanya ni kumpa mwimbaji kazi ya kufanya na mdomo wake badala ya kuongea. Maji kunyweni, lakini tangu asubuhi, si dakika mbili kabla ya wimbo. Na yule anayewaambia mtafune miraa kidogo mpate nguvu za kuimba, muulizeni mbona yeye mwenyewe mdomo umemkauka.

Jambo la pumzi nalo lilinitesa. Kila mwalimu husema, "Imba kwa tumbo." Nikiwa na ujuzi wangu mpya niliuliza mapafu yalihamia tumboni lini. Baadaye nilielewa kuwa ni njia ya kusema mbavu zipanuke na mabega yatulie, na kwamba njia rahisi ya kumwonyesha mtu ni kumlaza chali na kuweka kitabu juu ya tumbo lake akitazame kinavyopanda na kushuka. Nilifanya hivyo na kwaya moja ya kanisa kule Nkubu. Watu kumi na wanane, sakafuni, macho yamefungwa, kila mmoja na kitabu cha nyimbo tumboni. Mama mmoja aliyekuwa akipita na gunia lake la kabeji akachungulia mlangoni. Akaliweka gunia chini, akaingia, akapiga magoti kati ya waimbaji wa sauti ya tatu na wa ya nne, akaanza kuomba kwa nguvu. Alipomaliza akaniuliza mhubiri aliyewaangusha amekwenda wapi, maana naye ana mgongo unamsumbua.

Tulimwambia hakuna mhubiri, na mgongo wake ni wa kulala vibaya. Tukampa kitabu, akalala nasi chini. Alikuwa na pumzi kuliko wote.

Chuoni nilikuwa na mhadhiri aliyetusumbua muhula mzima kuhusu herufi e za Kiitaliano, kwamba ziko mbili, moja wazi na moja iliyofungwa, na kwamba Mwafrika lazima afanye bidii ya pekee kuzitofautisha. Mimi Mmeru nilizitofautisha siku ya kwanza, kwa sababu lugha ya mama yangu inazo zote mbili na ningechapwa nyumbani kama ningezichanganya. Mhadhiri akaandika kwamba nina kipaji. Sikumsahihisha. Nawaambia hili ili mjue mnakwenda mkiwa na vitu ambavyo hakuna atakayewauliza kama mnavyo.

Kwa hiyo mnaona nilikuwa mtu wa kuuliza maswali. Niliuliza kwa nini tunashika mikono mbele ya kifua tukiimba. Niliuliza kwa nini wimbo wa shule uwe wa Ulaya kwanza, wa kwetu baadaye. Niliuliza kwa nini waamuzi wa mashindano huandika "jitahidini zaidi" kwa kwaya iliyoshinda. Kitu kimoja tu sikukiuliza, na ndicho kilichonimaliza. Nilifundishwa kwamba mwimbaji wa kweli hatumii maikrofoni. Sauti iliyofundishwa hujaza ukumbi yenyewe, na maikrofoni ni gongo la kiwete. Nilikipokea hicho kama wengine wanavyopokea ubatizo. Mwanafunzi akishika maikrofoni mbele yangu nilimwambia aiweke chini na anawe mikono.

Sasa Makena.

Alikuja Dallas akiwa na miaka kumi na minane, amemaliza shule, anakaa kwa dada ya rafiki ya mama yake akingoja kuitwa chuoni. Alikuwa na sauti ya kwanza iliyopanda bila kusukumwa. Nilimfundisha Jumamosi kwa Jumamosi karibu mwaka mzima, na kwa mara ya kwanza nilifikiri hii kazi ina maana. Kisha akaitwa mara mbili: nafasi ya kusomea uuguzi na nafasi ya kusomea muziki. Mama yake, Mama Makena, anauza maharagwe na ndengu sokoni Mikinduri. Kwake hilo halikuwa la kufikiriwa sana.

"Muuguzi hata mvua ikinyesha ana kazi," aliniambia kwa simu. "Mwimbaji je?"

"Mama, msikie kwanza."

"Namsikia tangu azaliwe."

"Hujamsikia tangu aanze kufundishwa."

Kisha akasema baba yake, babu ya Makena, amefariki wiki hiyo, mazishi ni Alhamisi, na kama nina hakika hivyo, mtoto aimbe hapo ukoo wote usikie. Wajomba wakiona kuna kitu, ataenda kusoma muziki. Wasipoona, ataenda kuvaa sare ya uuguzi na hakuna mtu atakayemletea hadithi.

Lazima niwaeleze jambo ambalo mimi sikulijua. Mama Makena hakuwahi kuolewa. Alizaa nyumbani, akabaki kwa baba yake, na mzee kabla ya kufa alimwonyesha kipande cha shamba kando ya mto, akamwambia lima hapa wewe na mtoto wako. Alisema kwa mdomo, mbele ya kaka mkubwa, Kobia, na hakuna karatasi. Majirani walikuwa wanangoja kuona kama mzee akishazikwa maneno hayo yatazikwa pia.

Nilimwandaa Makena kwa wimbo wa Kilatini wa kuwaombea wafu. Nikamwambia: "Watakuletea maiki. Ikatae. Kwa heshima, lakini ikatae. Nataka wasikie sauti yenyewe."

"Yote, mwalimu?"

"Yote. Ukishika ile kitu, umerudi kwaya ya shule ya msingi."

Siku ya mazishi nilisimama nyuma, karibu na mahali pa chakula. Watu walijaa tenti nne na wengine wakakaa kwenye ukingo wa shamba. Jenereta ilikuwa inanguruma kwa ajili ya spika. Watoto wa kiume wa marehemu walizungumza mmoja mmoja, kila mmoja akapewa maikrofoni, akaigonga, akasema "halo, halo", akaanza. Kisha emsii, mwongoza shughuli, akamwita mjukuu, Makena wa Mama Makena. Fundi wa spika, mwanamume mmoja anayeitwa Gitonga, akamnyooshea maikrofoni. Makena akaisukuma kwa mkono. Gitonga akadhani hakuona, akamnyooshea tena. Akaisukuma tena.

Nikajisikia fahari, mnisamehe.

Akaimba. Sasa, jumba la opera lina kuta, lina dari, na sauti ikigonga hurudi. Boma la Mikinduri lina migomba. Safu tatu za mbele walisikia kitu. Kuanzia ya nne kwenda nyuma waliona msichana anafungua mdomo na kuufunga mbele ya jeneza. Mimi mwenyewe sikusikia hata neno, na nilitikisa kichwa kama mtu anayesikia.

Mzee mmoja kando yangu akamuuliza mwenzake, "Huyo ni wa nani?"

"Wa yule binti aliyebaki nyumbani."

"Mbona amekataa maiki?"

"Si unaona. Wana jambo na marehemu."

"Ah. Ni ile ya mto."

"Ni ile ya mto."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa, lakini Kilatini kilikuwa kimeshakwisha. Kwetu mtu anayepewa maikrofoni kwenye mazishi akaikataa ametangaza ugomvi na marehemu au na watu wake. Mimi nimekulia huko. Nimeona wajomba wangu wakinyimwa maikrofoni, nimeona wakwe wakiikataa na kila mtu akajua kwa nini. Nilijua hilo tangu utotoni, na halikunijia hata mara moja kwa sababu nilikuwa nawaza kuhusu mwangwi.

Jumamosi ya wiki iliyofuata Makena hakuja darasani. Alipiga simu. "Mwalimu, mjomba Kobia anakuita."

"Ananiita kwa wema?"

"Amesema uje umekula."

Nilikwenda. Walikuwa wamekaa mbele ya nyumba: Mjomba Kobia, shangazi wawili, Mama Makena na Makena aliyekuwa anachambua ndengu bila kuinua macho.

"Muga, mwalimu," akanisalimu Kobia kwa Kimeru.

"Muga."

"Wewe ndiwe ulimwambia mtoto akatae maiki?"

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

Nikaeleza. Nikaeleza sauti iliyofundishwa, kumbi za Ulaya, karne kadhaa za ufundi. Shangazi mmoja akamuuliza mwenzake kwa Kimeru kama nimeoa.

"Na wewe nani alikufundisha hayo?" Kobia akauliza.

"Chuo kikuu."

"Huko huwa wanazika watu?"

"Hapana, mzee."

"Basi hawajui." Hakusema kwa ubaya. "Dada yangu ameuza sokoni wiki nzima watu wakimpita. Jana mtu ameniuliza kama ni kweli anatupeleka kortini. Mtu mwingine, sitamtaja, amekwenda kupima lile shamba la mto kwa miguu. Baba hajamaliza hata wiki mbili kaburini."

Mama Makena alikuwa ananiangalia. Hakupaza sauti. "Mwalimu, mimi nilikuwa na neno la baba tu. Sikuwa na kitu kingine. Umechukua mtoto wangu ukamtumia kulikana neno hilo mbele ya watu wote."

Nilitazama ndengu za Makena. Nilikuwa nimesoma majibu ya mambo mengine.

Kobia akasema watu waliona kwa macho, kwa hiyo lazima wasikie kwa masikio. Jumapili kutakuwa na maombi ya familia hapo nyumbani, Gitonga ataleta spika, na Makena ataimba tena, wimbo uleule, na maikrofoni mkononi. Nikafungua mdomo kusema kwamba sauti ya aina hiyo ikiingia kwenye maikrofoni italeta kelele. Mama Makena akaniangalia. Nikaufunga.

Kisha Kobia akamgeukia Makena. "Na wewe unataka nini? Muziki ama uuguzi?"

Nilishtuka kidogo, kwa sababu mwaka mzima mimi sikuwahi kumuuliza. Makena akaacha ndengu. "Nataka muziki," akasema. "Lakini nataka ule ambao Mama anaweza kusikia akiwa amekaa nyuma."

Jumapili nilifika mapema. Makena alikuwa kando ya spika na Gitonga, na Gitonga ndiye aliyekuwa anafundisha.

"Ukipanda juu, maiki ishuke mpaka kifuani," alikuwa anamwambia. "Ukishuka chini, ilete karibu na mdomo. Usiielekeze kwa spika, italia. Ni kama mtoto, ikimwona mama yake inalia."

"Na nikikosea?"

"Italia, watu watacheka, utaendelea. Hakuna aliyekufa."

Nilisimama pale na shahada yangu. Mbinu hiyo haikuwa katika kitabu chochote nilichosoma, na ni sahihi kabisa. Iandikeni.

Noti ya kwanza ilipiga ukelele mpaka kuku wakatoka chini ya ghala. Watu wakacheka. Makena akaiteremsha maikrofoni hadi kifuani, akapumua kwa mbavu, mabega yametulia, akaanza upya. Sitawaeleza ilivyokuwa maana mimi si mtu wa kuaminika katika hilo. Nitasema tu kwamba ng'ambo ya mto watu waliokuwa wanakata majani ya ng'ombe waliinuka wakasimama, na hapo nyumbani hakuna aliyeuliza maneno yana maana gani.

Alipomaliza, Kobia akaichukua maikrofoni mkononi mwake. Akaigonga. "Halo, halo." Akasema huyo ni mjukuu wa mzee, amemwombea babu yake, na mzee alisema mbele yake yeye Kobia kwamba shamba la kando ya mto ni la dada yake na mtoto wake. "Mimi nilikuwepo. Nasema ili aliye hapa asikie, na aliye kule ng'ambo asikie. Aliyepima kwa miguu apumzishe miguu." Akairudisha kwa Gitonga.

Ndiyo kazi ya maikrofoni Mikinduri. Mimi nilidhani ni ya kukuza sauti.

Wakati wa chakula Mama Makena alinitafuta, akaniletea sahani yeye mwenyewe, mukimo na nyama, akasimama mbele yangu mpaka nikaanza kula. Nikajua nimesamehewa, au kwamba linakuja jambo jingine. Yalikuwa yote mawili.

"Ataenda kusoma muziki," akasema.

"Asante sana, Mama Makena."

"Usishukuru bado. Nina ombi moja."

"Sema."

"Wewe usimfundishe tena."

Mukimo ulikuwa mdomoni, kwa hiyo nilipata muda wa kufikiri. Nilitafuta hoja. Mimi hutafuta hoja katika kila kitu, ndiyo tabia yangu. Nikamtazama Makena akicheka na Gitonga wakikunja nyaya. Nikameza.

"Sawa, mama," nikasema.

Nilifundisha miezi michache zaidi wanafunzi waliobaki, lakini kila nilipomwambia mmoja afanye jambo kwa sababu ndivyo inavyofanywa, nilimsikia Kobia akiniuliza kama huko wanazika watu. Nikarudisha ufunguo wa chumba cha Dallas. Sasa niko ofisi moja ya maji hapa mjini, napokea simu za malalamiko, na wateja husema nina sauti nzuri.

Kwa hiyo mnaoniuliza mwanzie wapi: laleni chali na kitabu tumboni, nyamazeni kwenye basi, mtafuteni mtu wa spika mumheshimu. Na kabla hamjaimba mahali, ulizeni watu wa hapo wimbo huwa unafanya kazi gani kwao. Mkishaambiwa, bado mna haki ya kubishana. Lakini mbishane mkijua mnabisha nini.

Makena yuko mwaka wa tatu. Hunipigia simu mara mojamoja, hasa Jumamosi. Juzi aliniambia amepata mwalimu mpya wa sauti, mtu mkali, na somo la kwanza alimwambia mwimbaji wa kweli hagusi maikrofoni. "Sasa mwalimu," akaniuliza, "nimjibu nini?"

Nilikuwa na jibu zuri sana. Nilikuwa hata na mifano.

Nikamuuliza mama yake anaendeleaje.